Aliyeuza Gari Bovu Huku Akijua, Awajibike

Mkazi mmoja wa Wete, seremala kwa kazi yake, alifika ofisini kwetu na mfuko mdogo wa plastiki mkononi. Akautua mezani, akatoa kipande cha gasketi kilichoungua na utepe mweusi wenye urefu wa kidole. Vitu hivyo viwili, alituambia, ndivyo vilivyobaki katika akiba yake ya misimu mitatu ya karafuu.

Habari yake ni fupi. Alivuka bahari kuja Tanga kutafuta gari la kuchukulia mbao na abiria. Hakwenda kwa wauza magari, kwa kuwa bei zao zilimshinda. Akaelekezwa kwa mtu binafsi, mkazi wa Ngamiani, aliyekuwa akiliuza gari lake mwenyewe. Waliliwasha, likanguruma vizuri. Walizunguka nalo mitaa miwili, likaenda. Mwenye gari akasema mbele ya watu wawili kwamba injini ile haijapata kufunguliwa tangu litoke Japani. Fedha zikahesabiwa, kadi ikatolewa, gari likapakiwa melini. Siku ya nne, njiani kati ya Wete na Chake Chake, maji yakachemka na injini ikakwama. Fundi alipoifungua alikuta imekwisha kufunguliwa zamani na kuzibwazibwa kwa gundi, mafuta mazito yametiwa ili mgongano usisikike, na nyuma ya dashibodi ile taa ya kuonya joto imefunikwa kwa utepe mweusi. Muuzaji alipopigiwa simu alijibu kwamba yeye aliuza gari, hakuuza dhamana. Na kituo cha polisi alikokwenda seremala wetu kiliona kuwa jambo hilo ni la madai, akatafute mahakama.

Tumelitafakari jambo hili kwa makini, kwa sababu si la mtu mmoja. Tangu biashara ilipofunguliwa nchini katikati ya miaka ya 1980, wakati wa uongozi wa Mzee Ali Hassan Mwinyi, gari lililotumika limekuwa ndilo gari la mwananchi wa kawaida. Mwalimu, mvuvi mwenye chombo chake, mwuguzi, muuza machungwa wa Muheza, wote hununua gari lililokwisha kuendeshwa na mwingine. Gari linatoka Japani likiwa limechoka kidogo, linamchosha mwenye kwanza hapa kwetu, kisha linauzwa kwa wa pili, na wa tatu, na wa nne. Lile la kwanza linalopita bandarini hukaguliwa. Tangu mwaka 2021 ukaguzi huo hufanywa hapa nchini na Shirika la Viwango, TBS. Lakini mauzo ya pili na ya tatu, yanayofanyika chini ya mwembe baina ya mtu na mtu, hayakaguliwi na yeyote. Humo ndimo wananchi wanamoumia.

Je, yule muuzaji wa Ngamiani alisema kweli? Mtu binafsi akiuza gari bovu, hana jukumu lolote?

Tukianza na sheria ya nchi, lazima tukiri kwamba muuzaji ana kisingizio, tena kisingizio cha zamani. Sheria yetu ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, ilitungwa mwaka 1931 katika utawala wa Kiingereza, na ilinakiliwa kwa sehemu kubwa kutoka sheria ya Uingereza ya mwaka 1893. Sheria hiyo inamtaka mfanyabiashara auzaye vitu vya aina fulani kuwa kazi yake ahakikishe kuwa vitu hivyo vinafaa. Mtu binafsi auzaye kitu chake kimoja hakutiwa katika sharti hilo. Kwake yeye kanuni ni ile ile ya kale: mnunuzi afumbue macho. Hata kwa mfanyabiashara, mnunuzi aliyekikagua kitu hawezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi wake ulipasa kuiona. Kwa hiyo mtu anayedhani kwamba kila ubovu unaojitokeza baada ya mauzo ni mzigo wa aliyeuza anajidanganya, na ni bora aambiwe mapema kabla hajapoteza nauli ya kwenda mahakamani.

Lakini kisingizio hicho kina mipaka, na hapa ndipo muuzaji wa Ngamiani alipojikwaa. Kwanza, kila muuzaji, awe mfanyabiashara au mtu binafsi, anawajibika kuwa na haki ya kuuza. Aliyeuza gari la wizi kutoka ng'ambo ya Horohoro, au gari ambalo bado limo rehani kwa mkopo wa benki, hawezi kujitetea kwa kusema kuwa yeye si mfanyabiashara. Pili, gari likiuzwa kwa kuelezwa sifa zake, lazima lilingane na maelezo hayo, na sharti hili nalo halibagui. Ipo kesi mashuhuri ya Uingereza ya mwaka 1967, ya Beale na Taylor, ambayo mawakili wetu huisoma. Mtu binafsi alitangaza kuuza gari aina ya Triumph Herald la mwaka 1961. Mnunuzi akaliona, akalipenda, akalichukua. Baadaye ikagundulika kuwa nusu ya nyuma tu ndiyo ya mwaka 1961. Nusu ya mbele ilitoka gari jingine la zamani zaidi, na vipande viwili vikaungwa kwa kuchomelewa. Muuzaji mwenyewe hakujua. Hata hivyo mahakama ya rufani ilimwamuru alipe fidia ya pauni 125, kwa sababu alichokiuza hakikuwa kile alichokitaja. Tunaiweka kesi hii mbele ya wasomaji kwa kuwa magari ya nusu kwa nusu si hadithi ya Uingereza peke yake. Mafundi wa Tanga wanayajua, na wengine wao ndio wanaoyaunga.

Tatu, na hili ndilo kubwa, ipo Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, iliyopitishwa mwaka 1961. Sheria hii haiulizi kama wewe ni mfanyabiashara. Inauliza ulisema nini, na ulijua nini. Aliyetamka jambo la uongo hali akijua kuwa ni uongo, ili mwenzake atoe ridhaa, amefanya hila, na mkataba ule unaweza kuvunjwa na aliyedanganywa. Aliyetamka jambo lisilo kweli bila kujua, kwa nia njema, hakufanya hila. Lakini hata hapo mkataba unaweza kuvunjwa, isipokuwa kama mnunuzi angeweza kuugundua ukweli kwa uangalifu wa kawaida. Wasomaji waizingatie tofauti hii. Muuzaji aliyekosea kwa nia njema anaweza kumwambia mnunuzi, "Ungekagua ungeona." Muuzaji aliyesema uongo kwa kinywa chake mwenyewe hana ruhusa ya kusema hivyo. Uongo wake haufutwi na uzembe wa mwenziwe.

Na kimya je? Hapa sheria ni dhaifu, nasi hatutaficha. Sheria yetu ya Mikataba ilitoka katika Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872, ambayo kabla ya 1961 ndiyo iliyotumika Tanganyika. Watungaji wake walitoa mfano wa mtu anayeuza farasi mnadani akijua kuwa ni mgonjwa, asiseme kitu. Wakasema hiyo si hila. Lakini mnunuzi akimwambia, "Usipokana, nitashika kuwa farasi huyu ni mzima," naye akanyamaza, basi kimya chake kimekuwa kauli. Badala ya farasi weka Toyota, mambo ni yale yale. Ndiyo maana tunawashauri wananchi wote, na hasa ndugu zetu wa Pemba na Unguja wanaovuka kuja kununua, wasiridhike na kulizunguka gari na kupiga magurudumu mateke. Waulize kwa sauti na mbele ya mashahidi: gari hili limepata kupinduka? Injini imefunguliwa? Kilomita hizi ni za kweli? Linadaiwa? Jibu la uongo ni ushahidi, na kimya mbele ya swali la wazi nacho ni ushahidi. Ujumbe wa simu pia usifutwe, kwani tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 mahakama huupokea.

Kumbe basi seremala wa Wete hayuko mikono mitupu. Aliambiwa jambo mahususi, kwamba injini haijafunguliwa. Jambo hilo ni la uongo. Na ule utepe mweusi unaonyesha kwamba kuna mkono uliotaka ukweli usionekane. Utepe haujibandiki wenyewe nyuma ya dashibodi. Ikiwa mkono huo ni wa muuzaji au wa mwenye gari wa kabla yake, hilo ni la mahakama kuamua baada ya kusikiliza pande zote mbili, wala sisi hatujivishi joho la hakimu.

Zaidi ya sheria za Kizungu, pwani hii ina mizani yake, ambayo wazee wetu waliitumia kabla ya mwaka 1931. Wengi wetu tuliosoma chuoni kabla ya kuingia shule ya serikali tulifundishwa habari ya Mtume (S.A.W.) alipopita kwa muuza nafaka, akatia mkono ndani ya rundo, vidole vikakuta umajimaji. Muuzaji akasema ni mvua. Akaulizwa kwa nini basi asiweke kile kilicholowa juu, watu wakakiona. Na akaambiwa kuwa mwenye kughushi si katika sisi. Ile nafaka kavu iliyowekwa juu na ule utepe mweusi ni ndugu wa tumbo moja.

Wanazuoni waliifanya habari hiyo kuwa kanuni. Mnunuzi aliyekuta aibu iliyokuwapo kabla ya kukabidhiwa ana hiari ya kurudisha, ila asikawie baada ya kuigundua. Na vipi kuhusu muuzaji anayesema mapema, "Nauza kama lilivyo, sina lawama"? Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi katika pwani hii, Imam Nawawi ameandika katika Minhaj kwamba sharti hilo humwokoa muuzaji kwa aibu ya ndani ya mnyama ambayo yeye mwenyewe hakuijua, na si zaidi. Mnyama aliachwa kando kwa sababu ugonjwa wake hujificha hata kwa mwenyewe. Tungependa masheikh watueleze kama injini nayo inafanana na tumbo la ng'ombe. Sisi twadhani inafanana kiasi, ila utepe haumo katika tumbo la ng'ombe yeyote.

Imepokewa pia katika Muwatta ya Imam Malik kwamba Abdallah bin Omar aliuza mtumwa kwa dirhamu 800 kwa sharti la kutolaumiwa, mnunuzi akalalamika kuwa mtumwa ana maradhi. Khalifa Othman alimtaka muuzaji aape kwamba hakuujua ugonjwa ule. Abdallah akakataa kuapa, akamchukua mtumwa, na baadaye akamwuza kwa dirhamu 1,500. Bidhaa ya siku ile ilikuwa binadamu, na sisi wa pwani hii, ambayo ilishuhudia majahazi ya watumwa, hatuwezi kuitaja bila uchungu. Lakini tazama swali lililoulizwa. Khalifa hakuuliza kama muuzaji ni mfanyabiashara au mtu binafsi. Aliuliza: ulijua?

Wala swali hilo si la Waislamu peke yao. Nchini Ufaransa muuzaji hubeba kasoro zilizofichika hata asipokuwa mfanyabiashara, na akiwa alizijua hawezi kujiondolea mzigo huo kwa maandishi. Ujerumani, mtu binafsi huruhusiwa kuandika kwamba hatoi dhamana, lakini maandishi hayo hayafai kitu kwa kasoro aliyoificha kwa ujanja. Jirani zetu wa Kongo walirithi kanuni ya namna hiyo kutoka kwa Wabelgiji, katika amri ya mikataba ya mwaka 1888. Kwa maneno mengine, mnunuzi wa Bukavu ana silaha ambayo mnunuzi wa Tanga hana. Hata Waingereza, ambao sisi tuliwaiga, wamelifanya kuwa kosa la jinai kumwuzia mtu gari lisilofaa kuwa barabarani, na hawamsamehe mtu binafsi. Sisi tumebaki na nguo waliyoivua.

Hatusemi haya ili kuwatisha watu waaminifu. Mwalimu anayestaafu, aliyeliendesha gari lake miaka kumi na miwili na kuliuza kwa nia safi, asifuatwe hadi kaburini eti kwa sababu giaboksi imekufa baada ya miezi mitatu. Gari lililotumika ni gari lililotumika. Mnunuzi aliyepunguziwa bei kwa sababu ya uchakavu hawezi kudai upya. Tunavyoona sisi, tofauti ni moja tu: kati ya ubovu ambao hakuna aliyeujua na ubovu uliofichwa. Na palipo na breki mbovu zilizofichwa, jambo huacha kuwa la fedha. Anayeijua barabara ya Mombo kwenda Lushoto, yenye kona juu ya korongo, hahitaji kuelezwa.

Kuna kundi jingine ambalo lazima tulitaje, nalo ni la wale wanaojiita watu binafsi huku wakiuza gari kila mwezi, leo kwa jina la shemeji, kesho kwa jina la mjomba. Hao ni wafanyabiashara waliovaa kanzu ya ujirani. Hawalipi kodi ya biashara, hawana leseni, na ikifika siku ya lawama wanajificha nyuma ya kanuni iliyowekwa kwa ajili ya mwalimu mstaafu. Mahakama ina uwezo wa kutazama kazi yenyewe badala ya jina, na Mamlaka ya Mapato ina kumbukumbu za nani amehamisha magari mangapi. Tunawaomba watendaji wazifungue kumbukumbu hizo.

Sasa tugeukie serikali, kwa kuwa kumlaumu mwananchi peke yake ni rahisi mno. Kila gari linapobadilisha mwenyewe, serikali hudai kodi na ada yake, na ni haki yake. Lakini serikali inayoshuhudia mauzo ili ipate kodi inaweza pia kuyashuhudia ili ipatikane haki. Tunapendekeza iongezwe karatasi moja katika hati za kuhamisha umiliki, ambamo muuzaji ataandika na kutia saini: gari limepata ajali kubwa au la, injini na giaboksi vimefunguliwa au la, kilomita anazojua yeye, na deni lililomo. Asiyejua aandike kwamba hajui. Karatasi hiyo haihitaji ada mpya, na tunasisitiza hivyo kwa sababu tunawajua baadhi ya maofisa wetu: wakisikia karatasi mpya, hufikiria risiti mpya. Siku ya shauri, hakimu atakuwa na saini mbele yake badala ya kukisia nani alisema nini chini ya mwembe.

Aidha, hapa Tanga tunacho chuo cha VETA, kilicho na walimu na wanafunzi wa ufundi magari. Kwa malipo madogo kingeweza kumkagulia mnunuzi gari kabla hajatoa fedha, na wanafunzi wakapata mazoezi. Mtu wa Pemba anayeshuka melini asubuhi asiyemjua fundi yeyote mjini angekuwa na mahali pa kwenda pasipo na dalali mlangoni.

Kwa upande wa polisi, tunafahamu kwamba kituo hakikujengwa kiwe cha kukusanya madeni, na askari anayemtia mtu ndani ili alipe fedha za mwenziwe amevunja sheria. Lakini kujipatia mali kwa kudanganya ni kosa katika Kanuni ya Adhabu, na kifungo chake chafika miaka saba. Kusema "hili ni la madai" kabla ya kusikiliza ni kufunga mlango bila kuuliza nani anabisha. Ofisa asikilize kwanza. Akiona ni kutoelewana tu, ampeleke mlalamikaji mahakamani. Akiona dalili za udanganyifu wa makusudi, afungue jalada.

Lipo tatizo la ndugu zetu wa visiwani ambalo halizungumzwi. Kwa kawaida shauri la madai hufunguliwa mahali anapokaa mdaiwa au mahali sababu ya madai ilipozaliwa. Aliyenunua Tanga kwa mtu wa Tanga, shauri lake ni la Tanga, hata kama gari limefia Konde. Zanzibar ina mahakama zake na sheria zake za mikataba na mauzo. Mahakama tunayoshiriki ni ile ya Rufani. Kwa hiyo seremala wetu lazima avuke bahari kila shauri linapoahirishwa, naye hulipa nauli, chakula na malazi, wakati mdaiwa wake anatembea kwa miguu kutoka Ngamiani. Mashauri mawili matatu yakiahirishwa, nauli imekula fidia. Tunawasihi mahakimu wa Tanga, kila mlalamikaji anapotoka ng'ambo ya maji, wapange tarehe zinazofuata ratiba ya meli, na usuluhishi ufanywe siku ya kwanza. Muda anao: madai ya mkataba hudumu miaka sita. Lakini anayetaka kuvunja mkataba na kurudisha gari asilitumie tena baada ya kugundua ubovu, kwani mwenye kuendelea kulitumia huhesabiwa kuwa amelikubali, na hubaki na madai ya fidia tu, yaani ile tofauti kati ya thamani ya gari alilokabidhiwa na ya lile alilotajiwa.

Hayo ndiyo tuliyomweleza seremala wa Wete. Tulimshauri aandike barua ya madai, ataje maneno aliyoambiwa na siku yaliposemwa, awaandike mashahidi wake wawili, na fundi wake atie saini maelezo ya alichokikuta. Gasketi na utepe tulimrudishia, tukamwambia avihifadhi. Amesema atarudi Tanga na meli ijayo kufungua shauri, na ameomba tumtafutie mahali pa kulala pasipo ghali.